Sukari imepanda, chupa ya Dodoma niifungie kabatini?

SWALI: Shikamoo mama nesi. Mimi ni mfanyakazi wa reli, miaka 54, nyumbani Isevya hapahapa Tabora. Mwezi wa tano nilienda kupima kwa sababu nilikuwa naamka usiku kukojoa mara tatu mara nne na kiu haiishi, wakaniambia sukari ya asubuhi kabla sijala ni 11.8, wakarudia wiki iliyofuata ikawa 10.9, basi ndo nikaambiwa karibu kwenye chama cha wenye kisukari. Natumia metformini asubuhi na jioni na glibenklamaidi kimoja asubuhi. Sigara sivuti, bia niliacha zamani zinanijaza tumbo, starehe yangu ni moja tu mama, waini. Kila nikipita Dodoma nabeba chupa mbili, Jumapili waifu akipika kuku wa kienyeji tunafungua moja tunakaa chini ya mwembe tunakunywa taratibu mpaka inaisha, watoto wameshaondoka wote tumebaki wawili tu. Sasa nilipouliza kliniki nikajibiwa "we mzee unataka kufa?" chumba kizima kikacheka, nikanyamaza. Waifu kaifungia chupa kabatini na funguo anatembea nayo. Shemeji yangu anasema waini haina shida, shida ni bia, na rafiki yangu mwingine anasema niachane na waini ninywe wanzuki kwa sababu asali ni dawa. Naomba ukweli mama, hata kama ni mchungu. (Wa reli, Isevya)

JIBU: Marahaba mwanangu, mwangaluka. Hiyo ya karibu kwenye chama imenichekesha maana na mimi ni mwanachama, kadi yangu ina miaka tisa sasa, kwa hiyo nitakayokwambia mengine ni ya kazini na mengine ni ya nyumbani kwangu.

Nianze na huyo aliyekujibu. Kakosea, na nasema hivi nikiwa nimevaa gauni jeupe miaka mingi. Mgonjwa ukimcheka leo kesho hakuulizi tena, ataenda kunywa kimyakimya, na anayekunywa kimyakimya ndo huyo tunayeletewa saa tisa usiku kwenye pikipiki kashikiliwa na watu wawili. Swali lako ni swali la maana kuliko mengi niliyowahi kuulizwa pale dirishani.

Tuje kwenye glasi sasa. Watu wakisikia waini wanawaza zabibu, wakiwaza zabibu wanawaza sukari, wanaishia hapo. Kumbe ile sukari ya zabibu ndo chakula cha hamira, hamira inaila inaigeuza kileo, ikiachwa imalize kazi yake unapata waini kavu, ile wenyewe wanaita drai, ikikatishwa njiani au ikiongezwa utamu baadaye unapata ile switi. Wenzetu wa Ulaya wana kipimo chao, waini ya kuitwa kavu kwa kawaida haizidi gramu 4 za sukari kwa lita nzima, tamu inaanzia gramu 45 kwenda juu. Sasa piga hesabu ya glasi ya mililita 150: ile kavu haifiki hata gramu moja, ile tamu ni gramu 7 hivi, karibu vijiko viwili vya chai, na zile tamu kabisa zinafika vijiko vinne na zaidi. Soda ya mililita 350 ina vijiko kama tisa. Na hapa waifu asikie vizuri, maana najua atakununulia juisi ya zabibu kwa huruma ili uwe na kitu cha rangi ileile mkononi, juisi hiyo kikombe kimoja cha robo lita kina gramu 36 hivi za sukari, hata kama ni ya zabibu tupu bila kuongezwa kitu, kwa sababu hamira haijaigusa. Bora maji.

Dodoma wanatengeneza zote, kavu na tamu, nyekundu na nyeupe, kule wamebarikiwa zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Rangi isikudanganye, kuna nyekundu kavu na nyekundu tamu, soma lebo, na kwa kuwa lebo nyingi ni za Kiingereza we tafuta neno dry basi. Dompo, waini mojawapo ya kulekule, inapendwa kwa utamu wake, hiyo mwachie shemeji. Naye shemeji kwa bia yuko nusu sahihi, bia ya nusu lita ina wanga gramu 15 na zaidi, ambazo waini kavu haina, ila nusu ya pili ndo kakupoteza.

Kwa sababu mwanangu sukari ya kwenye chupa siyo inayonikosesha usingizi mimi. Wote mnaogopa sukari kupanda. Mimi naogopa kushuka.

Sikiliza. Ini lako ni ghala. Usiku umelala, hujala kitu toka saa mbili, ini linafungua mlango kidogokidogo linatoa sukari ili ubongo usikose. Ukinywa pombe, ini linaiona ni sumu, linaacha shughuli zote linahangaika nayo, mlango wa ghala unafungwa. Mtu asiye na dawa yoyote na aliyekula vizuri hata hajui kama kuna kitu kimetokea, mwili unapunguza wenyewe insulini, ile inayoshusha sukari, mambo yanaenda. Lakini we asubuhi umemeza glibenklamaidi, na kile kidonge kazi yake ni moja, kulisukuma kongosho litoe insulini, hakijui kama umekula, hakijui kama ghala limefungwa, kinasukuma tu. Kwa hiyo insulini ipo, sukari haitoki, inashuka. Na haishuki pale chini ya mwembe ukiwa unapiga stori, inashuka saa nane usiku, au asubuhi unaenda kazini, pombe ya leo inaweza kukushusha mpaka kesho muda kama huu, hadi saa 24 zipite. Wanaojichoma insulini wako kwenye mashua hiyohiyo. Anayetumia metformini peke yake hatari hii ya kushuka kwake ni ndogo, ila na yeye akinywa nyingi sana kwa mkupuo, hasa kama figo au ini vina shida, damu inaweza kujaa asidi, na hiyo ni ya wodini moja kwa moja.

Kuna mzee tuliletewa, sitasema lini wala wapi. Alikunywa glasi zake tatu kwenye msiba, hakula, si unajua msibani mtu mzima anaona aibu kugombania sahani, akarudi nyumbani akalala. Alfajiri anaongea maneno hayaeleweki, anapepesuka, majirani wakasema mwacheni mzee pombe itamtoka. Mjukuu wa darasa la sita ndo alishika shati la babu yake akaona limeloa chapachapa na usiku ulikuwa wa baridi, ule wa mwezi wa saba, akalia mpaka wakamleta. Tulipopima ilikuwa 2.1. Dripu ya sukari ikaingia, haikufika nusu saa mzee kakaa kitandani anauliza viatu vyangu viko wapi. Sasa nikuulize, mjukuu angekuwa kalala?

Hapo ndo ubaya wake. Kutetemeka, jasho, kuongea hovyo, kuchanganyikiwa, kulegea, dalili za sukari kushuka na dalili za kulewa zinafanana kama mapacha, na mwenye harufu ya pombe mdomoni hakuna atakayehisi sukari. Ndo maana waifu lazima ajue hii habari yote, siyo funguo tu.

Haya, jibu lako. Kwanza subiri. Sukari ya 11 na 10 haijatulia bado, ipe dawa muda, rudi kliniki wakuone imekaa sawa, na safari hii uliza kwa maneno haya: "mimi hunywa waini kidogo na chakula, je, dawa zangu na figo na ini langu vinaruhusu?" Ukiuliza hivyo mtu anakuwa na kitu cha kujibu, hata kucheka anashindwa. Wakikuruhusu, ndo ufungue.

Na ukifungua, kula kwanza, nimesema kwanza. Hapa watu wenye kisukari tunakosea sana, mtu anajiambia leo nitakunywa waini kwa hiyo ugali naacha nile nyama peke yake nibalansi. Hapana! Siku ya waini ndo siku ya kutoacha wanga, ugali wako wa kiasi kilekile cha kila siku, kuku, mboga, kisha glasi inasindikiza chakula. Huwezi kuanza na glasi kuku akiwa bado anatokota, hata kama harufu inakusumbua.

Kiasi sasa, na hapa ndo penye ugomvi wetu. Chupa ni mililita 750, yaani glasi tano za kipimo. Watu wawili mnamaliza chupa Jumapili moja, kila mtu kapiga glasi mbili na nusu, na wewe unaita kunywa taratibu! Taratibu ndiyo, lakini nyingi. Chama cha Kisukari cha Marekani kinasema mwanaume asizidishe vinywaji viwili kwa siku na mwanamke kimoja, na kinywaji kimoja kwao ni hiyo mililita 150 ya waini ya kawaida ya asilimia 12. Mimi kwa mtu wa glibenklamaidi nasema moja, na nitabaki na moja hata shemeji anipigie simu. Na usipime kwa macho, glasi za siku hizi ni kubwa kama bakuli, chukua ile chupa ya maji ya nusu lita, theluthi yake kasoro kidogo ndo glasi yako, mimina uone inavyofika, utashangaa ulikuwa unakunywa ngapi. Inayobaki fungeni kizibo muweke kwenye friji, siku tatu nne inakaa vizuri tu. Halafu usije na hesabu za kutunza, kwamba Jumapili iliyopita sikunywa kwa hiyo leo ninazo mbili, ini halina daftari la deni.

Kabla ya kulala pima. Kama huna mashine, hiyo ndo zawadi ya kumwambia mtoto aliyeko mjini, siyo shati. Ikisoma chini ya 5.6 kula kitu kabla hujapanda kitandani, kipande cha mkate, au sisi huku tuna michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, vipande vichache vinatosha. Ikiwa chini ya 4 hiyo imeshashuka, usisubiri asubuhi: vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya kawaida siyo ile ya bila sukari, au asali kijiko kikubwa kimoja, hapo sasa asali ya Tabora ni dawa kwelikweli. Subiri dakika 15, pima tena, bado rudia, ikipanda kula chakula. Ukikutwa huamki, waifu asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu akukimbize hospitali na aseme mlangoni "ana kisukari", asiseme "kanywa".

Na dawa usiruke. Kuna watu wa chama chetu wana kamchezo, siku ya sherehe hawamezi vidonge ili wanywe kwa amani, nawajua kwa majina. Kupanga kipimo cha dawa ni kazi ya daktari, asiyetaka kuchanganya aache glasi siyo kidonge. Kwako wewe wa reli nyongeza ni kwamba usiku wa kuamkia zamu usinywe kabisa, maana nimeshakwambia inachelewa, na we una abiria nyuma yako.

Tumalize wanzuki, rafiki yako huyo kanigusa kwa sababu mimi nimekulia kwenye mizinga, baba alikuwa anarina. Wanzuki ni asali na maji vimechachuka. Ikiwa changa, tamu ile inayoteleza, sukari bado ipo nyingi humo, asali yenyewe ni sukari asilimia 80 hivi. Ikikaa siku zikaongezeka utamu unaondoka, mtu anasema ah hii sasa haina sukari, kweli imepungua, imegeuka kileo, na kileo cha wanzuki hakuna anayekijua, hakuna lebo, mpishi wa Jumatatu na mpishi wa Ijumaa siyo mmoja, kata ni kubwa na mnakunywa mkiwa kilabuni bila chakula. Kwa hiyo ikiwa changa inapandisha, ikiwa kali inashusha, na huwezi kujua leo umepewa ipi. Naipenda harufu yake mpaka leo, nikipita panapopikwa nasimama. Lakini kwa dawa zako bora mara kumi chupa ya Dodoma unayojua ndani kuna nini.

Wenye ini bovu, waliowahi kuvimba kongosho, wenye mafuta mengi sana kwenye damu, wajawazito, na wale wenye ganzi na moto miguuni, kwenu jibu ni hapana, pombe inaongeza palepale panapouma. Na anayejua kwamba akianza moja haishii moja, naye anajijua, mimi sina la kumwambia.

Waifu mwambie namsalimia. Funguo abaki nayo, ila awe anatoa.

SWALI: Asalam aleykum. Mimi ni mama wa Ujiji, Kigoma, nina kisukari mwaka wa sita. Jirani yangu mwanawe yuko chuo kasema eti wazungu wamegundua waini nyekundu inatibu kisukari na moyo. Mimi Mwislamu sijawahi kuonja hata tone. Je, nina kitu ninachokosa? (Mama wa Ujiji)

JIBU: Waaleykum salaam bi mkubwa. Hakuna unachokosa, tulia.

Huyo kijana hajatunga, kuna kitu kasoma akakibeba nusu. Israeli walifanya utafiti ukatoka 2015, watu 224 wenye kisukari aina ya pili, wote wakapewa mpangilio mzuri wa chakula, halafu kundi moja glasi ya mililita 150 ya waini nyekundu na mlo wa jioni, kundi lingine nyeupe, kundi la tatu maji, miaka miwili. Walioonja nyekundu mafuta mazuri kwenye damu yalipanda kidogo. Kidogo, bi mkubwa, na kutibu hakuna aliyetibiwa, na wote walikuwa wanakula kwa mpangilio. Kwa upande wa pili Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema wazi hakuna kiwango cha pombe unachoweza kukiita salama kwa afya, kwa sababu pombe inasababisha kansa na hilo halina ubishi. Ndo maana hakuna daktari anayejua kazi yake atakayemwambia asiyekunywa aanze kunywa kwa ajili ya sukari. Yule wa reli hapo juu namruhusu kwa sababu tayari ni starehe yake na mkewe, sijamwandikia dawa.

Wewe una mgebuka na dagaa mlangoni, mboga za majani zipo, na kutembea nusu saa baada ya chakula cha jioni pembeni ya ziwa upepo ukivuma kutakushusha sukari kwa namna ambayo hakuna glasi itakayoweza. Zabibu zenyewe ukizikuta sokoni kula, ila kiganja kimoja, zina sukari zile.

SWALI: Mama nesi naomba unisaidie haraka maana Jumapili inakuja. Kanisani kwetu hapa Tabora tunashiriki Meza ya Bwana kwa divai na ile divai ni tamu kweli. Nina kisukari, natumia insulini. Nimekuwa nikipitisha kikombe bila kunywa na watu wameanza kuniangalia wanadhani nina dhambi kubwa. (Mama wa kwaya)

JIBU: Kunywa mwanangu. Funda lile halizidi mililita 10, hata kama divai ni tamu kweli ni gramu moja mbili za sukari hivi, na kileo chake hakifiki hata gramu mbili. Insulini yako haitaona. Ila wanakwaya nawajua, mnatoka nyumbani saa kumi na mbili bila kula mkawahi mazoezi na mmeshajichoma, hilo ndo litakuangusha madhabahuni siyo divai, kwa hiyo ukijichoma kula. Na ile chai ya baada ya ibada, ya vijiko vinne na maandazi mawili, mbona hiyo hukuniuliza?